Ng'ombe Wako Ndani ya Mashine Yangu

Mpendwa rafiki wa nyumba yetu, Barisa,

Najua ungeanza kwa kunicheka. Ungeigeuza karatasi hii juu chini, ungesema, "Komora naandikia mimi barua?" kisha ungenirudishia nikusomee mwenyewe, kama nilivyokusomea kila karatasi ya chifu na kila chupa ya dawa ya ng'ombe kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja. Haya, nikimaliza kuandika nitaisoma kwa sauti, hapa hapa mlangoni pa karakana, ulipokuwa ukikaa na fimbo yako magotini.

Nina jambo la kukiri. Nilikuahidi kwamba hakuna jina hata moja litakalotoka ndani ya ile mashine yangu ya michezo. Mwezi huu nimetoa moja, na sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Kabla sijakuambia ni lipi na nimempa nani, acha nianzie mbali, maana nataka unihukumu ukiwa na habari zote.

Mimi na wewe hatukuchaguana. Wazee wetu ndio walioanza: nyumba yenu ya Kiorma huko malishoni na nyumba yetu ya Kipokomo pale Golbanti mtoni. Maziwa na samli vilikuja kwetu, mahindi na ndizi zikaenda kwenu, na mwaka wa shida hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Nilipolikataa jembe nikaja Garsen kutengeneza redio, baba yangu alisikitika kwa mambo mawili: shamba litalimwa na nani, na mtoto wa Waorma atapelekewa nini. Mimi nilikupelekea redio. Sikumbuki ukilalamika.

Mashine yenyewe uliijua kabla ya mke wangu. Nilikuwa nimeenda Malindi kutafuta vipuri, na nyuma ya hoteli moja iliyofungwa nikaiona imesimama chini ya kibanda cha makuti: kabati refu la mbao, kioo cha televisheni kifuani, vitufe viwili vyekundu, kijiti cha kuchezea na tundu la sarafu. Kuku alikuwa ametaga ndani. Mlinzi wa pale aliniambia kwamba wageni walikuwa wakiicheza zamani, ikazima, na mafundi watatu wakaikataa. Angeniambia inafanya kazi, ningemshukuru nikaenda zangu. Lakini kusikia mafundi wameikataa! Unanijua. Nilimwachia redio mbili nzuri nilizozifufua kwa mikono yangu, nikaondoka na kabati, na kuku akabaki akilalamika.

Usafiri wa kurudi ulikuwa lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu, na wewe ulikuwa juu yake, umetoka kuuza madume. Niliilaza mashine juu ya samadi ili isianguke. Ukakataa kata kata.

"Hii hapana lala. Nalala, nakufa."

Nikakueleza kwamba huyu si ng'ombe. Ukaniambia kwamba hata ng'ombe akilala ndani ya lori watu husema amechoka tu, mpaka wanapofika na kumkuta amekwisha. Tukaisimamisha. Ukaikumbatia kutoka Malindi mpaka Garsen, kila shimo la barabara ukiisukuma kwa bega, ukiisemesha kwa lugha yenu. Tulipofika, mke wangu alitoka akaona kabati lenye samadi, mume mwenye samadi na mgeni mwenye samadi. Alitutazama sote watatu. "Kabati zuri," akasema. "Nguo zinaingilia wapi?"

Kesho yake nilipofungua mgongo wa ile mashine nikakuta kile kioo kikubwa kimeshikwa na skrubu moja tu, nayo imelegea. Ingelazwa kwenye barabara ile, shingo ya kioo ingekatika, na kioo cha namna ile sikujua pa kukipata. Sikukuambia wakati ule, kwa sababu ya kiburi cha fundi. Nakuambia sasa.

Watu wa Garsen waliniuliza sana mashine ile ina faida gani.  Chipu zake zilikuwa za zamani hivi kwamba muuzaji mmoja wa Mombasa aliigeuzageuza moja kiganjani kama sarafu ya wakati wa Mwingereza, akanirudishia akitabasamu. Waliozitengeneza walishaacha. Basi nikawa naokoteza: kapasita kwenye televisheni zilizokufa, fyuzi kwenye gari bovu, transfoma kwenye amplifaya iliyoungua. Nilikuwa nikifanya kazi za watu asubuhi, na mchana, jirani mwenye duka akiwasha jenereta yake kwa ajili ya friji ya soda, navuta waya wake naijaribu mashine yangu. Wewe peke yako hukuniuliza faida. Siku moja nilikuambia kwamba kuna mtu alikaa mahali akaifikiria njia ya kila waya humo ndani, na fikra zake zote zimelaliwa na kuku, nami nataka kuziamsha. Uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida kabisa.

Sasa nifike kwenye zile nyaya, ambazo ndizo zilizonifanya nikuheshimu kuliko mafundi wote niliowahi kuwajua.

Zilikuwa fungu zima, nene kama mkono, kutoka kwenye ubao wa saketi mpaka kwenye vitufe, kioo na spika, zote zikiingia kwenye soketi moja ndefu yenye matundu. Mashine ilishaanza kuonyesha picha, ile ndege ndogo ya kijani na mawe yanayoiangukia, lakini ilikuwa bubu. Wiki mbili sikupata sababu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nazihesabu nyaya, mara napata arobaini na moja, mara arobaini na tatu, na hasira zinanipanda, ndipo uliponiuliza kutoka mlangoni:

"Wewe nahesabu nini?"

"Nyaya."

"Hesabu mbaya. Kwetu ng'ombe hapana hesabu. Tazama tu."

Ukainama, ukalitazama fungu lile kwa muda wa mtu kunywa maji. Ulikuwa umeliona mara moja tu kabla ya hapo, siku niliyofungua kile kifuniko cha nyuma mbele yako.

"Moja hayuko," ukasema. "Ile rangi ya majivu, na mstari nyeusi kwa mgongo."

Nilikucheka, Barisa. Nisamehe. Kisha nikaingiza mkono chini kabisa ya kabati, kwenye majani makavu ya kiota cha kuku, nikavuta waya wa rangi ya majivu wenye mstari mweusi, umekatika pande zote mbili. Ulikuwa waya wa sauti. Niliulehemu pale pale, na jirani alipowasha jenereta mashine ikapiga yowe hadi mbuzi waliokuwa kivulini wakatawanyika. Wewe uliruka, halafu ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Hii ni Dalati," ukasema. "Ng'ombe yangu, rangi hii hii. Kelele hii hii."

Hapo ndipo ulipoanza mchezo wetu. Mimi Kiswahili changu cha rangi kilikuwa kinaishia nyekundu, nyekundu kidogo, na nyekundu ya namna nyingine. Kwenu rangi ya ng'ombe ni elimu nzima. Kila waya ukaupa jina la ng'ombe wako anayefanana nao: Dimtu mwekundu, Gurati mweusi, yule wa rangi ya vumbi, yule mwenye mbavu nyeupe. Ulipofika kwenye waya wa kijani uliugeuza mara mbili, kisha ukasema kwa heshima, "Hii si yangu. Hii ya jirani." Nami nikaandika "Jirani". Niliyaandika majina kwa kalamu ya wino kwenye vipande vya plasta ya hospitali, nikavisha kila waya jina lake, na kwenye daftari nikachora kila mmoja anaingia tundu gani. Hukuwa na haja ya daftari. Ulisema ng'ombe ana mahali pake pa kulala zizini na halali pa mwenzake, na ukazijua sehemu za nyaya zote kwa namna hiyo hiyo, bila kuzihesabu hata siku moja. Mimi niliyesomea ufundi nilikuwa nikichungulia karatasi, na wewe ulikuwa ukinisahihisha kutoka mlangoni.

Kisha ikaja ile mvua ya El Nino.

Kwa upande wangu hasara ilikuwa ya kuchekesha. Maji yalipoingia mtaani nilichomoa nyaya zote kwenye soketi, nikajitwika ubao wa saketi na lile fungu kichwani ndani ya beseni la mke wangu, nikavuka maji yamenifika kifuani, nimenyoosha shingo, najisifu moyoni kwa akili zangu. Nilipofika pakavu mke wangu akaniuliza daftari liko wapi. Lilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Ule mchoro ulikuwa uji. Na mvua ya siku zile iliingia hata ndani ya beseni, wino ukaondoka kwenye plasta, majina yote yakafutika. Kabati tulilikuta baadaye limesimama pale pale lilipokuwa, tope limefika kwenye tundu la sarafu. Halikulala.

Kwa upande wako sikuwa na ujasiri wa kusikia. Habari zilikuwa zinakuja kidogo kidogo: malisho yamekuwa bahari, ng'ombe wamenasa kwenye matope, na waliopona maji wameshikwa na ile homa ya Bonde la Ufa, wakatoa mimba, wakafa. Ulipotokea mlangoni kwangu miezi kadhaa baadaye ulikuwa umekonda, na fimbo ulikuwa nayo ile ile. Ulikuwa umebaki na mbuzi wachache. Sikukuuliza wamekufa wangapi, kwa kuwa haikuwa adabu na hata idadi yenyewe haikuwahi kuwapo. Nilikuuliza tu kama umekula.

Ulikaa siku nyingi pale mlangoni. Mke wangu alikuwa anakuletea wali, unakula nusu. Mimi nilikuwa nimeshaosha ubao kwa maji safi na spiriti na mswaki, nimeukausha juani, na nyaya zimening'inia ukutani hazina mahali pa kwenda. Nilihitaji mtu mmoja tu duniani anayejua kila waya unalala wapi, na mtu huyo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini ningekuulizaje? Kila waya ulikuwa jina la ng'ombe aliyekufa. Nikuambie, "Barisa, hebu niambie Dimtu alikuwa akilala wapi"? Niliapa kwamba ni heri mashine ioze. Nikatundika gunia juu ya zile nyaya usizione.

Wewe ndiwe uliyeliondoa lile gunia. Ilikuwa mchana, nilikuwa nafunga redio ya mwalimu. Ulisimama ukaitazama ile soketi ndefu yenye matundu matupu, ukaniuliza:

"Kwa nini hii zizi iko bila ng'ombe?"

 Ukashika waya wa rangi ya majivu, ukaufuta tope kwa kidole gumba polepole, ukasema, "Dalati." Ukaufuta tena mahali pasipo na tope. Ukasema tena, "Dalati. Nalala hapa, kwa mlango," ukanionyesha tundu. Nikaulehemu huku siuoni vizuri, na si kwa ajili ya moshi.

Ilituchukua siku tatu. Ulikuwa unashika waya, unataja jina, unanionyesha mahali pake, na mara nyingine unaniambia jambo: huyu alikuwa mwizi wa chumvi, huyu alimkanyaga mgeni, mama wa huyu ni yule. Mara nyingine unataja jina tu halafu unatoka nje, nami nakungoja. Hukukosea hata mmoja. Nimewahi kufanya kazi na watu wenye vyeti vya kutundikwa ukutani, na sijaona kitu kama kile, mtu aliyepoteza kila kitu akikumbuka kila kitu. Nilikuwa nakuonea fahari mpaka naumia. Safari hii niliandika majina kwa penseli, kwa sababu penseli haiogopi maji. Siku ya tatu jirani akawasha jenereta, kioo kikapata moto taratibu, ile ndege ya kijani ikatokea, na Dalati akapiga yowe lake. Mke wangu alipiga kigelegele jikoni. Wewe ulikaa chini ukaitazama kwa muda mrefu, ukasema, "Wote wako."

Ndipo mimi nikataka kuharibu. Mwenye baa moja wa Malindi alisikia habari akaja kuitaka mashine, na nilipiga hesabu upesi kichwani kwamba ingetosha mitamba wawili ya kukuanzishia zizi upya. Nikakuambia nikiwa na furaha, nikidhani nimekupa zawadi. Sijawahi kukuona umekasirika vile.

"Ng'ombe yangu nakufa mara moja," ukasema. "Wewe nataka kuuza hiyo nabaki?"

Nikasema ni nyaya tu, Barisa, nitakupa ng'ombe wa kweli.

"Ng'ombe ya kweli ndugu zangu tanipa. Hii nani tanipa?"

Yule mtu wa Malindi aliondoka mikono mitupu, na mimi nikakupa ile ahadi. Kweli ndugu zako walikupa, huyu mtamba, yule ndama, na baada ya miaka zizi lako likasikika tena. Lakini ng'ombe wapya uliwapa majina mapya yote. Nilikuuliza mbona hurudishi yale ya zamani. Ukanijibu huku unatafuna mswaki, "Hiyo majina iko kazi. Dalati nafanya kazi ya sauti. Nikimtoa, mashine yako itakuwa bubu." Ulisema kama mzaha, nami nilicheka, lakini nilijua ulikuwa unanitunzia mashine kwa kitu ambacho ulikitamani mwenyewe. Hayo ndiyo mambo ninayokukumbukia zaidi. Kumbukumbu yako ilinishangaza, ila ukarimu ule ndio unaonisumbua mpaka leo, maana sikuwahi kukulipa.

Ulifariki Bangale, kwa binti yako, wakati barabara ilikuwa matope matupu. Ulizikwa kabla sijapata gari. Sikushika jeneza wala sikutupa udongo. Nilikuja hapa karakana, nikawasha mashine mchana kutwa, nikaiacha ipige kelele, na watu waliopita wakadhani nimerukwa na akili. Nakukosa, Barisa. Nimezoea kuongea na mlango.

Sasa ungamo lenyewe. Mashine imezima, na safari hii ni kweli. Chipu moja ya katikati imekufa, nimeandikia watu na nimeuliza mpaka Nairobi, wote wananirudishia tabasamu la yule wa Mombasa. Nimeshafika mwisho wa ufundi wangu. Nilikuwa bado sijakubali, naifuta vumbi kila asubuhi, ndipo alipokuja Wario, mwanao, mtu mzima sasa, ana zizi lake na ndevu zako. Alikunywa chai, akauliza hali, akazungukazunguka. Mwishowe akasema ng'ombe wake amezaa ndama jike, rangi ya majivu, ana mstari mweusi mgongoni. Ana siku nne na hajampa jina.

"Baba alisema kuna majina yako kazini kwako," akaniambia, anaona haya. "Nauliza tu, mzee. Hakuna hata moja limepata likizo?"

Nilifungua mgongo wa ile mashine. Nyaya zako zote zilikuwa pale, kila mmoja mahali pake. Nikaibandua plasta ya Dalati polepole isichanike. Nilimpa bila idhini yako, na kama nimekosea utanigombeza tutakapoonana. Wario aliitazama, akaikunja, akataka kuitia mfuko wa nyuma wa suruali. Nilimkaripia kama baba yake. Akaiweka kifuani.

Majina mengine yamepumzika humo humo, penseli haijafutika. Wario akija kwa ajili ya jingine, nitampa, mmoja mmoja, kila atakapozaliwa anayefanana. Lile la Jirani nitabaki nalo mimi.

Jana nilienda kwa Wario kumwona huyo ndama. Kabla sijafika zizini, kabla sijamwona hata mkia, nilisikia yowe lake kutoka barabarani, nikasimama pale pale nikalia.

Lala salama, ndugu yangu.

Rafiki yako wa nyumba,
Komora wa Golbanti, fundi wako wa redio